Karl von Frisch: Msomi aliyefuata nyuki hadi akaifumbua lugha yao

WAHENGA walinena kwamba afuataye nyuki hakosi asali. Karl von Frisch aliwafuata nyuki kwa zaidi ya nusu karne, ila asali aliyoitafuta haikuwa ya kulamba. Alitaka kujua nyuki anaona nini anapolikaribia ua, ananusa nini anapotua juu yake, na vipi wenzake waliobaki mzingani hupata habari kwamba mahali fulani kumechanua.

Majibu aliyoyapata yalibadilisha jinsi binadamu wanavyomtazama mdudu huyo, na mwaka wa 1973 yalimpa Tuzo ya Nobel. Hata hivyo, safari yake haikuwa ya mteremko. Alibishana na bingwa aliyemzidi umri na cheo, alishikilia kosa lake mwenyewe kwa takriban miaka 20 kabla ya kulisahihisha hadharani, na wakati wa utawala wa Wanazi alikaribia kufutwa kazi kwa sababu ya asili ya nyanyake. Kilichomwokoa wakati huo ni maradhi ya nyuki.

Mtoto wa kitindamimba

Karl von Frisch alizaliwa jijini Vienna, Austria, Novemba 20, 1886. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya wavulana wanne. Babake, Anton von Frisch, alikuwa daktari wa upasuaji aliyebobea katika maradhi ya njia ya mkojo. Mamake, Marie, alitoka katika ukoo wa Exner, ukoo uliosifika nchini humo kwa kutoa maprofesa. Mjomba wake, Sigmund Exner, alikuwa mtaalamu wa fiziolojia aliyekuwa ameandika utafiti mkubwa kuhusu jicho la mdudu, jicho ambalo limeundwa kwa vijicho vingi vidogo vilivyopangwa pamoja kama vyumba vya sega.

Tangu utotoni, Karl alipenda viumbe kuliko vitabu vya shule. Nyumba ya wazazi wake ilijaa ndege, samaki, mijusi na wadudu, na daftari alimoandika orodha yao lilikuwa na aina zaidi ya 100. Mamake hakumzuia. Ni yeye pia aliyenunua kinu kikuukuu mahali paitwapo Brunnwinkl, ukingoni mwa ziwa la Wolfgangsee, ambako familia ilienda kila msimu wa joto. Karl aligeuza mahali hapo kuwa makumbusho madogo ya viumbe wa eneo hilo, na baadaye pakawa maabara yake ya wazi. Uvumbuzi wake mkubwa zaidi ulizaliwa hapo.

Babake alitamani awe daktari. Kijana alijiunga na masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Vienna, lakini baada ya muda akayaacha na kuhamia Munich, Ujerumani, kusomea elimu ya wanyama chini ya Profesa Richard Hertwig. Alipata shahada ya uzamifu mwaka wa 1910 kwa utafiti kuhusu jinsi samaki wadogo wa mitoni wanavyobadilisha rangi ya ngozi, kisha akaajiriwa kuwa msaidizi katika idara ya Hertwig.

Mzozo kuhusu rangi

Wakati huo, mkurugenzi wa kliniki ya macho mjini Munich alikuwa Carl von Hess, daktari aliyeheshimiwa kote Ulaya. Von Hess alikuwa ametangaza kwamba samaki na wanyama wote wasio na uti wa mgongo hawaoni rangi hata kidogo. Aliwaweka nyuki katika chumba cha giza, akawaonyesha taa za rangi mbalimbali, na akaona kwamba daima hukimbilia ile inayong'aa zaidi, bila kujali ni ya rangi gani. Kwake, hilo lilitosha.

Von Frisch hakuridhika. Mwaka wa 1793, mwalimu wa shule mjini Spandau, karibu na Berlin, aliyeitwa Christian Konrad Sprengel, alikuwa amechapisha kitabu akieleza kwamba rangi za maua, mistari yake na harufu zake zote zina kazi moja: kumwita mdudu aje achukue mbochi, na katika kufanya hivyo abebe chavua kutoka ua moja hadi jingine. Sprengel alipuuzwa na wasomi wa zama zake, akafariki mwaka wa 1816 bila kutambuliwa, hadi Charles Darwin alipokuja kuyathamini maandishi yake miongo kadhaa baadaye. Sasa iwapo nyuki haoni rangi, basi mbuga nzima ya maua ya manjano, buluu na zambarau ilikuwa pambo lisilo na mtazamaji. Von Frisch aliona hilo halingii akilini.

Jaribio alilobuni lilikuwa rahisi kiasi kwamba mtoto wa shule angeweza kulirudia. Alitandaza mezani kadi za kijivu za viwango mbalimbali, kutoka karibu nyeupe hadi karibu nyeusi, na katikati yao akaweka kadi moja ya buluu. Juu ya kila kadi aliweka kisahani cha kioo, lakini maji ya sukari yalikuwa katika kisahani cha kadi ya buluu pekee. Nyuki walipokwisha kuzoea, aliondoa kila kitu, akaweka kadi mpya na visahani vitupu, na kuihamisha ile ya buluu. Nyuki waliruka moja kwa moja hadi kwenye buluu. Kama wangekuwa hawaoni rangi, wangeichanganya na mojawapo ya zile za kijivu zenye mwangaza sawa nayo. Hawakuichanganya.

Alipotumia kadi nyekundu, mambo yaligeuka. Nyuki waliichanganya na kadi nyeusi na za kijivu kilichokolea. Ilidhihirika kwamba nyuki haioni rangi nyekundu kama binadamu aionavyo. Watafiti waliofuata walionyesha kwamba, badala yake, nyuki huona miale ya urujuanimno ambayo jicho la mtu haliwezi kuiona. Ndiyo maana maua mengi yanayoonekana ya rangi moja kwetu yana alama zinazomwelekeza nyuki kwenye mbochi, mithili ya mistari ya uwanja wa ndege. Ndiyo maana pia katika Afrika na Amerika maua mengi mekundu hutegemea zaidi ndege, kama vile chozi, kuliko nyuki.

Mwaka wa 1914, von Frisch alipeleka nyuki wake Freiburg, ambako Chama cha Wataalamu wa Wanyama cha Ujerumani kilikuwa kikikutana, na kuwaonyesha wasomi jaribio hilo kwa macho yao. Von Hess hakukubali kushindwa hadi mwisho wa maisha yake. Wawili hao walijibizana kwa ukali katika majarida, na haikuwa jambo dogo kwa kijana ambaye kazi yake ilitegemea kauli za wakubwa. Baadaye ilieleweka kwamba alichokiona von Hess kilikuwa kweli, lakini maana aliyoitoa ilikuwa na kasoro: nyuki aliyefungiwa gizani anatafuta njia ya kutoroka na hufuata mwangaza tu, ilhali nyuki aliye kazini shambani huzingatia rangi. Swali lile lile likiulizwa mahali pasipofaa hupata jibu lisilofaa.

Hospitalini wakati wa vita

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka huo wa 1914, von Frisch hakuandikishwa jeshini kwa kuwa macho yake yalikuwa dhaifu. Alikwenda kusaidia katika hospitali ya Rudolfinerhaus jijini Vienna, iliyosimamiwa na nduguye Otto, na kuanzisha maabara ya kupima vijidudu vya kipindupindu, kuhara damu na homa ya matumbo. Hapo alikutana na muuguzi na msanii Margarete Mohr, wakaoana mwaka wa 1917. Walijaliwa mabinti watatu na mvulana mmoja. Michoro ya Margarete ilitumika katika kazi za mumewe.

Vita vilipokwisha alirejea Munich, na msimu wa machipuko wa mwaka wa 1919 akaona jambo ambalo baadaye alilihesabu kuwa uchunguzi wenye matokeo makubwa zaidi maishani mwake.

Ngoma ndani ya mzinga

Kwa muda alikuwa amegundua kwamba kisahani cha sukari kikikauka, nyuki huacha kuja. Lakini nyuki mmoja tu akipita na kukuta kimejazwa tena, baada ya dakika chache kundi zima hurejea. Bila shaka habari ilikuwa imepelekwa nyumbani. Ilipelekwaje?

Alitafuta mzinga mwembamba wenye sega moja tu, uliofunikwa kwa vioo pande zote mbili, akauweka katika ua wa jengo la chuo. Aliwapaka rangi migongoni nyuki waliokuja kwenye kisahani, kisha akakaa akitazama. Nyuki mwenye rangi aliporudi, aliwagawia wenzake maji ya sukari aliyobeba, kisha akaanza kuzunguka kwa kasi juu ya sega, mara upande huu mara ule. Nyuki waliokuwa karibu walimfuata nyuma huku wakimgusa kwa papasi zao, na mmoja baada ya mwingine wakatoka nje na kwenda kutafuta.

Ili kumtambua kila nyuki, alibuni utaratibu wa namba kwa vitone vya rangi: nyeupe mbele ya mgongo ilimaanisha 1, nyekundu 2, buluu 3, manjano 4 na kijani 5, na rangi hizo hizo zikiwekwa nyuma zilisimamia tarakimu zilizobaki. Kwa mbinu hiyo aliweza kuwapa namba nyuki 599. Kundi ambalo kwa mtu wa kawaida ni vurugu ya wadudu wanaofanana likageuka kuwa darasa ambalo kila mwanafunzi ana jina lake kwenye orodha.

Hatua iliyofuata ilihusu harufu. Nyuki aliyetoka kwenye ua hurudi na harufu ya ua hilo ikiwa imeganda mwilini na katika mbochi aliyobeba. Von Frisch aliwalisha nyuki kwenye maua ya saiklameni, na wapya waliotoka mzingani wakayatafuta maua hayo hayo, wakiyapuuza maua ya floksi yaliyowekwa kando yake. Tangu enzi za Aristotle ilijulikana kwamba katika safari moja nyuki hushikamana na aina moja ya ua. Sasa ilionekana kwamba uaminifu huo ni wa kundi, si wa nyuki mmoja tu. Kwa mmea, uaminifu huo ni uhai, kwani chavua ya mboga haina faida yoyote ikiishia kwenye ua la mchungwa.

Mwaka wa 1923 alichapisha matokeo yake chini ya jina lililozua gumzo, akitumia neno lugha kwa wadudu. Alieleza ngoma mbili. Ya kwanza ni ya duara. Ya pili ni ya mtikisiko: nyuki hukimbia mstari mfupi ulionyooka huku akitikisa sehemu ya nyuma ya mwili wake, akazunguka kulia na kurudi mwanzo, akakimbia tena, kisha akazunguka kushoto, hata akachora umbo la namba 8. Von Frisch aliamua kwamba ngoma ya duara hutangaza mbochi na ya mtikisiko hutangaza chavua. Hapo alikosea, na kosa hilo likasimama vitabuni kwa takriban miaka 20.

Wakati huo nyota yake ilikuwa ikipanda. Alikuwa profesa mjini Rostock mwaka wa 1921, Breslau mwaka wa 1923, na mwaka wa 1925 akarudi Munich kukalia kiti cha mwalimu wake Hertwig. Alimfunza kambare asiyeona kutoka mafichoni kila alipopigiwa mluzi, na hivyo kuthibitisha kwamba samaki husikia. Mwaka wa 1927 alichapisha kitabu kuhusu maisha ya nyuki kilichoandikwa kwa lugha nyepesi, na kikapendwa na watu wasio wasomi. Wakfu wa Rockefeller wa Marekani ulimsaidia kujenga taasisi mpya ya elimu ya wanyama, mojawapo ya zilizokuwa bora barani Ulaya.

Nyanya na nyuki

Wanazi walitwaa mamlaka Januari 1933, na sheria ikatungwa kuwaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma. Von Frisch, kama watumishi wengine, alitakiwa kuonyesha nyaraka za ukoo wake. Nyaraka za nyanyake mzaa mama hazikukamilika. Kwa miaka kadhaa jambo hilo lilining'inia juu ya kichwa chake kama upanga. Wafuasi wa chama ndani ya chuo walimpiga vita, wakimlaumu kwa kuwa na ukaribu na Wayahudi na kwa kuwaweka katika maabara yake wasaidizi wa asili hiyo.

Mwaka wa 1941 pigo lilishuka. Ilitangazwa kwamba nyanyake alikuwa na asili ya Kiyahudi, na kwa hesabu za utawala ule profesa akawa robo Myahudi. Wizara ya elimu iliamuru astaafishwe. Mtu aliyejenga taasisi kwa miaka mingi alikuwa karibu kufungiwa mlango wake kwa sababu ya mwanamke aliyezaliwa katika karne iliyotangulia.

Wenzake walimtetea, lakini utetezi uliokuwa na nguvu zaidi ulitoka kusikotarajiwa. Katika miaka hiyo, ugonjwa unaosababishwa na kimelea kidogo kiitwacho Nosema, kinachoshambulia tumbo la nyuki, uliteketeza mamia ya maelfu ya makundi ya nyuki nchini Ujerumani. Nchi ilikuwa vitani na chakula kilikuwa haba. Bila nyuki, miti ya matunda isingezaa ipasavyo, mimea ya mafuta isingetoa mbegu, na malisho ya mifugo yangepungua. Serikali iliyokuwa ikimfukuza von Frisch ilijikuta ikimhitaji. Wizara iliyosimamia chakula ilimkabidhi utafiti wa ugonjwa huo, na kustaafishwa kwake kukaahirishwa hadi vita vitakapokwisha. Vita vilikwisha, na utawala uliotoa amri ile ukaisha pamoja navyo.

Sehemu hii ya maisha yake imejadiliwa sana na wanahistoria. Von Frisch hakuwa mfuasi wa Wanazi, lakini pia hakuwa mpiganaji wa chinichini. Alitumia umuhimu wa nyuki kama ngao yake na ya taasisi yake, na utafiti aliopewa ulikuwa sehemu ya juhudi za serikali ile kulisha nchi iliyokuwa ikivamia wengine. Tiba ya Nosema hakuipata. Sambamba na kazi hiyo, alifanyia majaribio mbinu ya kuwaelekeza nyuki kwenye mashamba kwa kuwalisha maji ya sukari yenye harufu ya zao lililotakiwa, hasa klova nyekundu, ili mbegu ziongezeke.

Katika miaka hiyo pia, mwanajeshi aliyejeruhiwa vitani, Martin Lindauer, alihudhuria mhadhara wake mjini Munich na kuamua kuifanya sayansi kuwa maisha yake. Baadaye Lindauer alikuwa mwanafunzi wake mashuhuri zaidi, na akagundua kwamba nyuki wanaohama hutumia ngoma hiyo hiyo kujadiliana kuhusu mahali pa kujenga makao mapya.

Kosa lasahihishwa

Mwaka wa 1944 mabomu ya ndege yaliharibu taasisi ya Munich na pia nyumba ya von Frisch. Alihamishia kazi yake Brunnwinkl, kwenye kinu cha mamake. Huko, akishirikiana na wasaidizi wake, miongoni mwao Ruth Beutler, aliweka visahani vya sukari mbali zaidi na mzinga kuliko alivyozoea.

Alichokiona kilimshtua. Nyuki waliotoka kwenye visahani vya mbali walicheza ngoma ya mtikisiko, ingawa hawakubeba chavua hata chembe. Siri ikafumbuka. Katika majaribio ya zamani, visahani vyake vilikuwa hatua chache tu kutoka mzingani, ilhali nyuki waliobeba chavua walikuwa wakitoka kwenye maua ya mbali. Tofauti ya ngoma haikuhusu aina ya chakula bali umbali. Von Frisch aliandika wazi kwamba alikuwa amekosea na akaanza upya.

Alipima kwa saa mkononi. Chakula kikiwa mita 100, nyuki hukimbia mstari wa katikati mara tisa au 10 katika sekunde 15. Kikiwa mita 500, mara sita. Kikiwa kilomita moja, mara nne au tano. Kikiwa kilomita sita, mara mbili tu. Kadiri safari ilivyo ndefu, ndivyo ngoma inavyokuwa ya polepole.

Mwaka wa 1945, katika msimu ule ule ambao Ulaya ilikuwa ikihesabu maiti wake, alipata ufunguo wa pili. Mstari wa katikati wa ngoma huonyesha mwelekeo. Ndani ya mzinga ni giza na sega limesimama wima, hivyo nyuki hugeuza pembe ya jua kuwa pembe ya uzito wa dunia. Akikimbia kuelekea juu kabisa, maana yake chakula kiko upande wa jua. Akikimbia kuelekea chini, chakula kiko upande ulio kinyume na jua. Akipinda nyuzi 60 kushoto kwa mstari wa wima, basi wafuasi wake wataruka nyuzi 60 kushoto kwa jua. Mdudu mwenye ubongo mdogo kuliko mbegu ya mtama alikuwa akitoa ramani gizani.

Miaka michache baadaye alionyesha kwamba hata jua likiwa limefichwa na mlima au wingu, nyuki anayeona kipande tu cha anga la buluu hujua lilipo, kwa kusoma jinsi mawimbi ya mwanga wa angani yanavyotetemeka katika mwelekeo maalum. Jicho la binadamu halioni tofauti hiyo bila chombo.

Sifa, shaka na ushahidi

Alifundisha Graz, Austria, kuanzia mwaka wa 1946, kisha akarudi Munich mwaka wa 1950 na kustaafu mwaka wa 1958. Mwaka wa 1949 alizuru vyuo vikuu vya Marekani akitoa mihadhara. Mwaka wa 1958 alipata Tuzo ya Kalinga ya UNESCO, inayotolewa kwa wanaofikisha sayansi kwa umma. Mwaka wa 1965, akikaribia umri wa miaka 80, alitoa kitabu kikubwa kilichokusanya utafiti wake wote kuhusu ngoma na safari za nyuki.

Lakini mtu aliyeanza maisha ya usomi kwa kupinga wakubwa naye alipingwa na vijana. Kuanzia mwaka wa 1967, mtafiti wa California, Adrian Wenner, pamoja na wenzake, walidai kwamba ngoma ipo lakini nyuki hawaifuati; kwamba wanaotoka mzingani huongozwa na harufu peke yake. Hoja hiyo ilikuwa nzito kwa sababu von Frisch mwenyewe ndiye aliyethibitisha nguvu ya harufu.

Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1973, aliyoipata pamoja na Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen kwa kuasisi elimu ya tabia za wanyama, haikumaliza ubishi. Ulimalizwa na majaribio. Katika miaka ya 1970, Mmarekani James Gould alibuni mbinu ya kumfanya mchezaji na watazamaji wasome ngoma moja kwa pembe tofauti, na watazamaji wakaenda mahali ngoma ilipowaelekeza badala ya mahali mchezaji alikotoka. Mwaka wa 1989, watafiti wa Denmark na Ujerumani walitangaza kwamba nyuki bandia aliyechezeshwa kwa mashine aliwaelekeza nyuki hai. Mwaka wa 2005, wanasayansi nchini Uingereza waliwafunga nyuki vifaa vidogo vya rada na kufuatilia njia zao angani. Waliruka kuelekea upande uliotajwa na ngoma. Harufu nayo ilibaki na nafasi yake: ngoma humfikisha nyuki mtaani, na harufu humwonyesha mlango.

Urithi wake

Karl von Frisch aliaga dunia mjini Munich Juni 12, 1982, akiwa na umri wa miaka 95. Aliacha nyuma kizazi cha wanafunzi na taaluma ambayo hapo awali haikuwepo.

Nyuki wa asali wa Afrika Mashariki ni wa spishi moja na wale aliowapaka rangi Brunnwinkl, na nao hucheza ngoma hiyo juu ya masega yao, iwe katika mzinga wa gogo uliotundikwa mtini huko Ukambani au ndani ya sanduku la kisasa. Mkulima anayetegemea alizeti, maboga, matikiti au maembe hutegemea ziara zao na za wadudu wengine wengi wanaobeba chavua bila malipo. Dawa ya kuua wadudu inaponyunyizwa asubuhi wakati maua yamefunguka, wanaokufa si wadudu waharibifu pekee. Hufa pia mjumbe aliyekuwa arudi nyumbani na habari, na wale waliokuwa wakimngoja gizani hubaki bila kujua kwamba shamba limechanua.

Von Frisch hakuhitaji mitambo ya gharama kubwa kuyajua aliyoyajua. Alihitaji kadi za rangi, kisahani cha sukari, kioo, saa na subira ya kukaa kando ya mzinga siku nzima. Vingi vya vifaa hivyo vinapatikana katika shule yoyote ya kijijini. Subira ndiyo adimu.